Cherehani iliyofunikwa shuka: Anayepokea ruzuku ya serikali afanye kazi kwa kujificha?

ILIKUWA Agosti 2022, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa. Nilikuwa nateremka kuelekea Biryogo, hapa Nyamirambo jijini Kigali, nimebeba kitambaa cha sare za wanafunzi wangu sita. Mdogo wangu wa kiume ni fundi cherehani, na kila mwaka majira hayo ndipo anapopata kazi ya kutosha. Nilimkuta ameketi mlangoni na magongo yake ameyaegemeza ukutani. Hata salamu hakusubiri.

"Dada, ungekuja usiku," akaniambia kwa sauti ya chini. "Leo wanapita kuandika."

Nilipoingia ndani nilielewa. Cherehani ilikuwa imesukumwa pembeni na kufunikwa shuka, juu yake limewekwa beseni la nguo chafu. Mkasi, futi na chaki vilikuwa chini ya kitanda. Binti yake, aliyekuwa na miaka 11, alikuwa anafagia vipande vya nyuzi sakafuni kwa haraka, mithili ya mtu anayefuta alama za wizi.

Ndugu msomaji, hapakuwa na wizi wowote. Palikuwa na baba mwenye mguu uliopooza, anayepokea faranga 12,000 za serikali kila mwezi, na anayeogopa kuonekana anafanya kazi.

Tulikotoka

Mimi na ndugu yangu tulizaliwa Karagwe, mkoa wa Kagera, Tanzania, katika familia ya wakimbizi wa zamani. Wenzangu mliorudi kutoka huko, kutoka Uganda, Burundi na Kongo mnajua maisha yale: unasoma kwa lugha ya wenyeji, unaota nchi usiyoijua. Mdogo wangu alipata polio akiwa mtoto mdogo, na mguu wake wa kushoto ukabaki mwembamba kama fimbo. Shuleni mimi nilibeba madaftari ya watu wawili, yeye akabeba magongo.

Tulivuka daraja la Rusumo mwishoni mwa 1994. Mimi nikaendelea na masomo, nikawa mwalimu, na leo nafundisha Kiswahili, lugha tuliyorudi nayo na ambayo tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii. Yeye alipelekwa Gatagara, kituo kilichoanzishwa mwaka 1960 na Padre Fraipont Ndagijimana kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, akawekewa chuma cha mguu. Baadaye alijifunza ushonaji. Cherehani ya kukanyaga haimfai, kwa hiyo anatumia ile ya kuzungusha kwa mkono. Kazi inakwenda polepole, lakini mshono wake ni mnyoofu.

Mkewe alipofariki, alibaki na mtoto mmoja. Hapo ndipo mudugudu ulipomwandika katika Ingoboka.

Ingoboka ni nini?

Kwa wasomaji wetu waliorudi karibuni, au wale ambao maisha yao yako zaidi mpakani kuliko nyumbani, nieleze kidogo. Mwaka 2008 serikali ilianzisha mpango wa VUP, ukianza na imirenge 30, mmoja katika kila wilaya, kisha ukaenea. Mpango huo una milango kadhaa. Mlango wa kwanza ni kazi za umma kwa maskini wenye nguvu: kutengeneza barabara, kuchimba matuta na kadhalika. Mwingine ni mikopo midogo. Mwingine ndio huu wa msaada wa moja kwa moja, unaoitwa kwa Kinyarwanda inkunga y'ingoboka, kwa kaya maskini zisizo na mtu mzima anayeweza kufanya kazi: wazee, wagonjwa wa muda mrefu, na watu wenye ulemavu mkubwa.

Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa faranga 7,500 kwa mwezi kwa mtu anayeishi peke yake, 12,000 kwa kaya ya watu wawili, na kuendelea hadi 21,000 kwa kaya ya watu watano au zaidi. Fedha hupitia kwenye akaunti, mara nyingi katika Sacco ya umurenge. Si fedha za kutajirisha mtu, lakini ni fedha zinazokuja mvua inyeshe au jua liwake.

Sasa tazama maneno yale: "zisizo na mtu mzima anayeweza kufanya kazi." Hapo ndipo ndugu yangu alipokwama. Je, mtu anayeshona sare sita kwa wiki mbili, akiwa ameketi, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, "anaweza kufanya kazi"? Akisema ndiyo, ataulizwa kwa nini anakula ruzuku. Akisema hapana, atakuwa amesema uongo mbele ya mtoto wake. Akaona heri afunike cherehani kwa shuka.

Na hakuwa peke yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wenye ulemavu zaidi ya 390,000 nchini, wenye umri wa miaka mitano na kuendelea. Si wote wanaopokea ruzuku, na si wote wanaoihitaji. Lakini mtaani kwetu pekee namjua mama asiyeona anayesuka vikapu mlango ukiwa umefungwa, na kijana wa baiskeli ya miguu mitatu ambaye husema biashara ya vocha ni ya kaka yake.

Daftari la fundi

Usiku ule nilirudi na kitambaa, na nikamwomba anionyeshe daftari lake. Mdogo wangu huandika kila kitu, tabia tuliyoachiwa na marehemu baba aliyekuwa karani wa ghala la kahawa Karagwe.

Septemba 2021 alipata faranga 52,000, maana shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Oktoba 31,000. Novemba ikashuka hadi 9,000, kazi ya viraka na zipu. Februari 4,500 tu, kwa sababu aliumwa wiki mbili na hakuna wa kumshikia kazi. Aprili ilipanda tena kwa sababu ya Idi. Biryogo ni mtaa wa Waislamu wengi, na Idi bila nguo mpya si Idi. Juni ikaanguka. Vitenge vyake huletwa na mama mmoja anayevuka kati ya Goma na Rubavu, na mwezi ule Kongo ilipunguza saa za mpaka, ukawa unafungwa saa 9 alasiri. Wafanyabiashara mnakumbuka hasara ile.

Kwa mwaka mzima, baada ya kutoa uzi, sindano, mafuta ya mashine na nauli, alibakiwa na faranga 214,000. Gawanya kwa miezi 12: haifiki 18,000 kwa mwezi. Chumba peke yake ni 15,000.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu za kawaida hazilioni. Mimi nikienda Nyabugogo kununua uzi napanda basi. Yeye hupanda pikipiki, kwa sababu kusimama kituoni na kusukumana mlangoni na magongo hakuwezekani. Mimi nateka maji mwenyewe, yeye anamlipa kijana. Kiatu changu hudumu miaka miwili, cha kwake chenye chuma huisha upande mmoja kabla ya mwaka. Kwa hiyo faranga 1,000 mkononi mwake si sawa na faranga 1,000 mkononi mwangu. Ulemavu una kodi yake, na hulipwa kila siku.

Jumanne ya mkutano

Jumanne iliyofuata tulikuwa na mkutano wa wananchi wa mudugudu. Orodha ya wanaopokea Ingoboka ilisomwa kwa sauti, jina moja moja, watu wakiulizwa kama wanakubali. Lilipofika jina la ndugu yangu, akasimama mama mmoja mjane, jirani yetu wa chini.

"Mimi nina wajukuu watatu," alisema. "Nafua nguo za watu. Sijaandikwa popote kwa sababu mikono yangu ni mizima. Huyu ana cherehani. Usiku naisikia."

Sikuweza kumchukia. Alikuwa anasema kweli, na njaa yake haikuwa ndogo kuliko ya kwetu. Mkuu wa mudugudu akageuka kwangu. "Mwalimu, wewe unamjua vizuri. Ndugu yako anafanya kazi au hafanyi?"

Nakiri mbele yenu kwamba uongo ulikuwa tayari ulimini. Nilitaka kusema anabahatisha viraka tu. Mimi ambaye kila siku nawafundisha watoto kwamba njia ya mwongo ni fupi! Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu alijiinua kwa magongo.

"Dada, niache nijibu mwenyewe." Akamtuma binti yake mbio nyumbani akalete daftari.

Alilisoma mwezi kwa mwezi mbele ya watu wote. Septemba, Oktoba, Novemba. Alipofika Februari na zile 4,500, kulikuwa kimya. Kisha akasema maneno ambayo nimeyahifadhi hadi leo: "Nafanya kazi. Sikuacha kuwa mlemavu kwa sababu nafanya kazi. Ingoboka inalipa chumba, cherehani inalipa chakula. Mkiondoa kimoja, nichagulieni: nisilale au nisile?"

Mkutano ulizungumza karibu saa nzima. Mwishowe watu walikubali abaki kwenye orodha mpaka mapitio yajayo, daftari liwe linaletwa wazi. Na kabla ya kufunga, jina la yule mjane liliandikwa kuombewa kazi nyepesi za karibu na nyumbani, zile zilizoongezwa katika VUP kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 kwa kaya zenye mtu mmoja tu mwenye nguvu na watoto wa kulea. Alianza kutunza barabara mwaka uliofuata.

Kesho yake cherehani ilihamia mlangoni, kwenye mwanga.

Alipotajirika kwa muda

Ningeishia hapo makala ingekuwa tamu, lakini isingekuwa ya kweli. Mwaka 2024 ndugu yangu alipata oda kubwa kuliko zote: sare za shule mbili binafsi. Wakati huo madaraja ya Ubudehe, yaliyokuwa sita na kisha manne tangu 2015, yalikuwa yameachwa na nafasi yake kuchukuliwa na daftari jipya la kijamii la Imibereho, lililoanza 2023. Yeye mwenyewe, bila kuitwa, alikwenda kueleza kwamba kipato chake kimepanda. Sitaitaja ofisi. Walimpongeza, wakaandika, na mwezi uliofuata ruzuku haikuingia.

Shule moja ilimlipa kwa wakati. Ya pili ilimlipa baada ya miezi mitatu. Katika miezi hiyo mitatu, mtu aliyesema ukweli alilala na deni la chumba, na mimi nilikopa kwenye chama chetu cha walimu kumsaidia. Mwisho wa mwaka oda zilipokwisha, alirudi kuuliza kama anaweza kuandikwa tena. Akaambiwa aanze upya, kama mtu asiyewahi kuonekana.

Jirani mmoja alimcheka: "Si ungenyamaza?" Hilo ndilo linaloniuma. Tukimwadhibu msema kweli mmoja, tumewafundisha kumi kufunika cherehani zao.

Wenzetu wanafanyaje?

Swali hili si la Rwanda peke yake. Kenya ilianza mwaka 2011 kuwapa ruzuku watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, ikiwalenga hasa wale wanaohitaji mtu wa kuwahudumia wakati wote. Kwa upande wa pili, sheria yao ya 2003 ilifungua njia ya msamaha wa kodi kwa mtu mwenye ulemavu aliyeajiriwa: shilingi 150,000 za kwanza za kipato chake kwa mwezi hazikukatwa. Yaani mtu anapofanya kazi, gharama za ulemavu wake bado zinatambuliwa.

Tanzania, sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo zilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ikiwa ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024.

Wafanyabiashara wa mpaka wa Rubavu na Goma wameona kwa macho yao namna nyingine. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu walivusha mizigo kwa baiskeli zao za miguu mitatu, wakipata nafuu ya ushuru ambayo wengine hawakuipata. Vivyo hivyo kwenye kivuko cha Kinshasa na Brazzaville, ambako nafuu ya nauli na ushuru iliwafanya kuwa wachukuzi wakubwa. Nafuu ile haikuwaambia "kaeni." Iliwaambia "vukeni." Udhaifu wake ni kwamba mpaka ukifungwa, kama ulivyofungwa 2020 kwa sababu ya Korona, na kipato nacho hufungwa.

Marekani, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo wamepelekwa kama wakimbizi, binamu yetu anapokea ruzuku ya ulemavu inayoitwa SSI. Alinieleza hesabu yake kwa simu. Akipata mshahara wa dola 485 kwa mwezi, na kama hana kipato kingine, dola 85 za kwanza hazihesabiwi. Zilizobaki ni 400, na nusu yake tu, yaani 200, ndiyo inayopunguzwa kwenye ruzuku. Kwa hiyo kila anapofanya kazi zaidi, mfukoni kunabaki zaidi. Sharti ni kutoa taarifa ya mshahara kila mwezi. Asipotoa, atadaiwa alizolipwa zaidi. Wale wanaopokea ule mfuko mwingine, wa waliochangia wakiwa kazini, wana miezi 9 ya kujaribu kazi bila kupoteza malipo. Ruzuku ikikoma kwa sababu ya kipato, na baadaye hali ikawashinda, wana miaka 5 ya kuomba kurudishiwa bila kuanza ombi jipya.

Sisemi Rwanda ina mfuko wa Marekani. Lakini ile busara ya kumwachia mtu mlango wa kurudi haihitaji dola nyingi.

Ninachoomba

Nchi yetu haikuanzia sifuri. Sheria Na. 01 ya 2007 inakataza kumbagua mtu mwenye ulemavu katika ajira, na inasema akilingana alama na mwenzake, yeye apewe nafasi kwanza. Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unataja haki ya kazi na haki ya hifadhi ya jamii, zote mbili. Haukusema chagua moja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mtu akitangaza kipato kipya, ruzuku ipunguzwe taratibu kwa miezi kadhaa badala ya kukatwa kwa siku moja. Pili, kipato kipimwe kwa mwaka mzima, maana fundi, mchuuzi na mvushaji mizigo hawana mshahara wa kila mwezi. Tatu, anayetoka kwenye orodha kwa ukweli wake, hali ikimgeukia, arudi bila kuanza safari upya.

Na wewe unayepokea huku unafanya kazi kwa siri, sikiliza ya mwalimu. Weka daftari, hata la kurasa 48. Andika kinachoingia, kinachotoka, na siku ulizougua. Uliza mapema mudugudu na umurenge kipato chako kitahesabiwaje, na ukiambiwa umeondolewa, uliza sababu na uliza rufaa yako iende ngazi ipi. Usisubiri jirani asimame mkutanoni. Nanyi majirani, kabla ya kuuliza kwa nini mlemavu ana cherehani, ulizeni inampa nini mwezi wa Februari.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mdogo wangu hakutaka kukitegemea cha nduguye wala cha serikali. Alitaka kisimnyanyue mpaka nusu ya njia kisha kumwachia.

Ninapoandika haya, bado hajaandikwa tena. Cherehani iko mlangoni, binti yake sasa anamsaidia kutia vifungo akitoka shule, na daftari limefika la tatu. Juzi nilimpelekea kitambaa saa sita mchana, watu wakipita. Alikipokea, akakinyoosha juu ya meza, akaniuliza vipimo vya watoto kana kwamba hapakuwahi kuwa na siku ya kunong'ona.